Kipande cha Bwana Guan

Mfuko wenyewe ulikuwa wa buluu, una picha ya tembo aliyeinua mkonga, na walikuwa wameuweka katikati ya meza ya mkutano kana kwamba ungeweza kuchomoka ukakimbia. Qiu Manzhen alifungua zipu. Ndani mlikuwa na pakiti za barafu iliyokwisha kuyeyuka, chupa mbili tupu na pampu ndogo ya kukamulia maziwa. Alivitoa kimoja kimoja, akapapasa bitana kwa kidole, akavirudisha kama alivyovikuta.

"Wewe ni wa nne kuupekua," alisema Mu Yaqin kutoka upande wa pili wa meza. "Wa kwanza alichana bitana kwa wembe. Nimeishona mwenyewe."

"Umeshona vizuri."

"Kazi yangu kuchora simu, dada. Bitana ndiyo inishinde?"

Alilisema hilo kwa tabasamu, lakini mikono alikuwa ameikunja kifuani kwa namna ambayo kila mama aliyewahi kunyonyesha anaijua: maziwa yamejaa na saa yake imepita. Qiu alikwisha kumlea mwanawe, ambaye sasa ana ndevu na anajibu ujumbe kwa neno moja. Alisogeza kiti karibu zaidi.

Kwa miaka mingi Qiu alikuwa polisi wa makosa ya kiuchumi. Siku hizi alifanya kazi peke yake, na makampuni ya simu ya Shenzhen yalimwita kila yalipogombania hataza, ile haki ya kumiliki ubunifu. Yaligombania kila kitu: bawaba, mpindo wa kioo, mahali pa kamera, mpaka mlio wa simu inapofungwa. Safari hii aliitwa na Lanhe. Walikuwa na simu mpya ya kukunja, iliyosubiriwa tangu sikukuu ya mbalamwezi ya vuli. Mgongoni mwake palikuwa na mfereji wa kulalia kidole gumba, uliotoka kwenye bawaba ukateremka mpaka kwenye kona ya chini, ukapotelea hapo kama kijito kinavyopotelea mchangani. Mu ndiye aliyeuchora. Alihangaika nao akiwa na mimba, akaukamilisha wiki moja kabla ya kujifungua.

Juma lililopita gazeti la hataza lilitoka, na mgongo ule ule, na mfereji ule ule, ulikuwa umesajiliwa kwa jina la Tuoying, wapinzani wao wa ng'ambo ya barabara kuu. Sheria ya hataza za umbo ni ya foleni ya dirishani: anayefika kwanza ndiye mwenyewe, mpaka mwingine athibitishe kwamba aliibiwa. Lanhe wakiitoa simu yao sasa, watashitakiwa kwa kumwiba mtoto wao wenyewe.

"Nieleze walivyokufikia wewe," alisema Qiu.

"Kwa hesabu ya kutoa. Kompyuta zimekaguliwa, hakuna mchoro uliotoka. Maabara haiingizwi simu, na kamera ziko kila pembe. Sampuli zote zimehesabiwa, zipo. Kikabaki chumba kimoja kisicho na kamera, chumba cha kina mama kukamulia. Na mfuko mmoja usiopitishwa kwenye mashine ya getini." Alielekeza kidevu kwa tembo. "Kesho alasiri wananikabidhi polisi. Mkuu Kuang wa uzalishaji ameniambia kwa upole kabisa, na kikombe cha chai akaniletea."

"Mtoto ana umri gani?"

"Miezi saba. Yuko kwa mama mkwe, na maziwa ya kopo anayatema. Wanasema kesi kama hii ni miaka mitatu." Aligusa mkonga wa tembo. "Nitamkuta anakimbia, dada. Atanikimbia mimi."

 Qiu alifungua mkoba wake akatoa picha za hataza ya Tuoying, akazitandaza mezani.

"Hizi unazijua."

"Ndiyo kwanza naziona."

"Hawajakuonyesha?"

"Anionyeshe nani? Mimi si ndiye mwizi? Mwizi anaonyeshwa alichoiba?"

Ilikuwa kweli. Watu watatu waliupekua mfuko wa maziwa, na hakuna hata mmoja aliyempa mchoraji nafasi ya kuutazama mchoro. Mu aliinama. Aliupitisha ukucha juu ya picha, kutoka bawabani kushuka, taratibu, kama mtu anayefuata mto kwenye ramani. Ukucha ulipofika konani ulisimama.

"Hapa pamekufa," alisema.

Qiu alikwisha kuiona kona ile. Mfereji haukupotelea ukingoni kama ulivyokuwa kwenye michoro ya Lanhe. Ulikoma ghafla, butu, na ukingo wenyewe ulikuwa na kibonyeo kidogo.

"Mkuu Kuang ameandika kwenye ripoti kwamba Tuoying wamebadilisha kidogo ili wasionekane wameiga."

"Wabadilishe hapa? Ukiiba uso wa mtu, unajificha kwa kubadilisha kisigino?" Mu alitikisa kichwa. "Hii haikuchorwa na mtu, dada. Hii ni plastiki iliyoganda njiani. Kalibu ikiwa bado baridi, uji wa plastiki unaingia, unakimbia, lakini kona ya mbali kabisa haufiki. Wao wameshika kitu mkononi wakakipima. Na kitu chenyewe kilikuwa kibovu."

"Wewe umewahi kushika kipande chenye kona hii?"

"Kamwe. Vinavyotufikia vimeshachujwa. Vibovu vinasagwa huko huko kwa fundi."

Qiu alizikusanya picha. Mchoraji akitaka kuuza, alifikiri, atauza mchoro wake, na mchoro hauna kona iliyoganda. Aliyeuza kipande kibovu aliuza kile alichoweza kukipata. Basi ni mtu asiyeweza kuuchora mwenyewe.

Hakulisema. Aliufunga mfuko zipu, akamsogezea mwenyewe.

Ukumbini alikutana na Kuang Shaobo, mkuu wa uzalishaji, amebeba sahani ya matunda ya lichi. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, na wafanyakazi walipompita walimsalimu kwa jina, si kwa woga.

"Onja, Mpelelezi Qiu. Za Nanshan hizi, za mti, si za jokofu."

Qiu alimenya moja. Ilikuwa tamu sana.

"Inaniuma," alisema Kuang, macho yakielekea kwenye mlango wa chumba alimokuwa Mu. "Chumba kile cha kina mama nilikipigania mimi. Wakubwa walitaka kukifanya stoo. Niliwaambia, watoto wa wafanyakazi wetu wale nini, karatasi? Na sasa tazama."

"Vipande vibovu vya kalibu, nani alivishuhudia vikisagwa?"

"Mimi mwenyewe, kwa fundi Mai, Chang'an. Kimoja kimoja. Unaweza kwenda, lakini utapoteza siku. Mai ni mwaminifu mpaka anaudhi."

Getini mlinzi alimpitisha Qiu kwenye mlango wa kupimia chuma, mkoba wake ukapita ndani ya mashine. Qiu alimuuliza kwa nini mfuko wa Mu haukupitishwa.

"Maziwa ya mtoto, mama? Tuyapige miale?" Mlinzi alionekana kama ameambiwa amvue mtu nguo. "Akina mama wakifika hapa sisi tunageuza uso, wanapita. Ni heshima tu. Mke wangu akisikia nimepiga miale maziwa ya mtu, nitalala na wewe hapa getini."

"Mimi nitakuwa nimeshaenda nyumbani."

"Basi nitalala na mashine."

*

Karakana ya fundi Mai Rongjie ilikuwa nyuma ya soko la vyuma, Chang'an, katika mtaa ambao kila mlango una kalibu ya kitu fulani: vipini vya pasi, magurudumu ya wanasesere, migongo ya simu. Mai alikuwa na nywele nyeupe zilizokatwa karibu na ngozi, na aprini iliyolowa mafuta. Alipomwona Qiu alizima mashine.

"Umevaa viatu vya mtu wa kodi."

"Ningekuwa mtu wa kodi ningevaa vizuri zaidi."

Mai alicheka, akamkaribisha chai. Alimwaga ya kwanza, ya kusuuzia majani, akamimina ya pili. Qiu alimweleza kilichomleta, naye uso ukamwiva.

"Kwangu hakijatoka kitu," alisema. "Kalibu ikifunguliwa, vipande vya mwanzo huwa vibovu, hilo halikwepeki. Tulivisaga vyote, Mkuu Kuang amesimama hapo ulipokaa. Vizuri vikafungwa, vikaenda Lanhe. Nivihesabu mara ngapi?"

"Vyote vibovu?"

"Vyote, bibie."

"Hata cha kwanza kabisa?"

"Nimesema vyote."

Hakupepesa. Qiu alikwisha kuwasikiliza waongo wengi maishani, na huyu hakuwa mmoja wao. Aliomba kuonyeshwa mashine ya kusagia, akaiona: mdomo mpana, meno makali, chenga zikitoka chini kama mchele mweusi. Kitu kilichopita pale hakikuwa na umbo la kuuzwa kwa mtu yeyote. Njia ilikuwa imefika ukutani.

Alirudi kwenye chai yake. Ndipo alipoinua macho.

Juu ya ukuta wa nyuma, kwenye rafu nyekundu, ilikaa sanamu ya Bwana Guan, jemadari wa kale aliyefanywa mungu wa uaminifu, mwenye uso mwekundu na ndevu ndefu, taa mbili za umeme zikimmulika. Mbele yake kulikuwa na machungwa, vikombe vitatu vya chai na chungu cha udi. Hakuna karakana ya mtaa ule isiyokuwa naye. Lakini huyu, kila upande, alikuwa amezungukwa na vitu vidogo vilivyofunikwa majivu ya udi: kitufe cha jiko la wali, gurudumu la mwanasesere, ganda la mashine ya kunyolea, kifuniko cha rimoti.

"Hivi ni nini, fundi?"

"Vya kwanza," alisema Mai. "Marehemu baba yangu alikuwa anafanya hivyo. Ukifungua kalibu mpya, unachoma udi, mnakata nguruwe wa kuoka na wateja, mashine inawashwa. Kinachotoka kwanza ni cha Bwana Guan. Akikipokea, vinavyofuata vinatoka sawa."

Qiu alikiweka kikombe chini taratibu.

"Cha kwanza."

"Ndiyo."

"Cha Lanhe pia?"

"Cha wote."

"Ulipohesabu vipande vya Lanhe, hicho ulikihesabu?"

Mai alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anahesabu mbingu miongoni mwa mali zake. "Kile si cha Lanhe, bibie. Si changu vilevile. Nitahesabuje cha Bwana Guan?"

"Na Mkuu Kuang, alipohesabu?"

"Yeye ndiye aliyekishika kwa mikono miwili akanipa nikipandishe. Aliinama kwanza, kwa adabu. Naye atakihesabuje?"

Hapo ndipo Qiu alipoona jinsi hesabu ya watu wawili waaminifu, au mmoja mwaminifu na mwingine, inavyoweza kukamilika huku kitu hakipo. Aliomba ngazi.

"Kiko wapi?"

"Nyuma ya kopo hilo la chai."

Lilikuwa kopo zuri la bati, lenye mlima wa dhahabu. Qiu alimwomba Mai aliinue yeye mwenyewe, maana rafu ile haikuwa ya mkono wa mgeni. Fundi alipanda, akainamisha kichwa, akanong'ona neno, akaliinua, Qiu akichungulia juu ya kiti kando yake. Nyuma ya kopo hakukuwa na kitu. Chini yake majivu yalikuwa membamba kuliko pembeni, na wembamba ule ulizidi kitako cha kopo, ukaenda nyuma kwa urefu wa kiganja, kona zake zimeviringwa. Umbo la simu.

Mai alibaki ameshika kopo. 

"Hufuti majivu?" aliuliza Qiu.

"Mara moja tu, kabla ya mwaka mpya. Katikati ya mwaka hayaguswi." Alishuka ngazi kwa kuishika. "Nimemchomea udi asubuhi na jioni. Miezi hii yote nimemchomea, na hana kitu."

"Kopo aliliweka nani?"

 Fundi alilipangusa kopo kwa aprini, likazidi kuchafuka.

"Mwezi wa tatu, baada ya kalibu kufunguliwa," alisema hatimaye, "Mkuu Kuang alikuja kuweka nadhiri. Kijana wake alikuwa anakaribia mtihani wa kuingia chuo kikuu. Alileta chai hii, akaomba aipandishe mwenyewe. Mtu akiweka nadhiri ya mtoto, unamwacha peke yake na Bwana. Nilitoka nje, nikavuta sigara." Aliinua macho. "Bibie, mtu haibi kwa Bwana Guan. Hata jambazi haibi kwa Bwana Guan."

"Ndiyo maana hukutazama."

Qiu alifikiri juu ya mlinzi wa getini anayegeuza uso. Watu wa huku wana kamera juu ya kila meza, alijisemea, lakini kitu wanachokiheshimu hawakikagui. Aliyeiba alizijua heshima zote mbili. Akajificha nyuma ya moja, akainyooshea kidole nyingine.

Ila kopo la chai halimfungi mtu. Kuang angesema aliliweka tu, na kipande kikaondoka siku nyingine. Qiu alihitaji kitu ambacho mtu hawezi kukijua mpaka awe amekishika.

"Fundi, kipande kile kilikuwa na alama yoyote? Mkwaruzo, namba?"

"Namba hapana." Mai alisita. "Nilikitia nyekundu. Rangi ya mhuri, kwa kidole kidogo, upande wa ndani. Ndiyo kumwambia Bwana kwamba ni chake. Naifanya jioni, wageni wameshaondoka na mashine imelala."

"Nani aliwahi kukuona?"

"Yeye," alisema Mai, akielekeza kidevu juu kwenye rafu.

"Umewahi kumwambia mtu?"

"Mambo ya mtu na Bwana wake anayasimulia?"

Qiu alitoa simu, akampigia Mwenyekiti Fei, mama mwenye Lanhe. Alimwomba ruhusa ya kuiwasha kalibu yao kwa kipande kimoja tu, mashine ikiwa bado baridi.

"Cha nini?" aliuliza Fei.

"Cha kuwaonyesha watu."

"Una mpaka kesho alasiri. Polisi wameshaahidiwa."

Mai alikifyatua kipande. Kilipotoka, mfereji ulikoma konani, butu, na ukingo ulikuwa na kibonyeo kidogo. Qiu alikiweka kando ya picha ya Tuoying. Vilikuwa pacha.

"Unataka nikitie nyekundu?" aliuliza fundi.

"Hapana," alisema Qiu. "Kiache hivyo hivyo. Na kesho uvae shati safi, unakuja nami Nanshan, kwa Lanhe."

*

Mwenyekiti Fei alikaa kwenye kichwa cha meza, mgongo kwa dirisha. Kuang alikaa kuliani kwake. Mu Yaqin alikuwa mwisho kabisa, mfuko wa buluu miguuni. Chumba cha pili askari wawili walikuwa wanakunywa chai na kumsubiri. Qiu alimwacha fundi Mai ukumbini, nyuma ya mlango.

"Nina jambo fupi," alisema Qiu. Alitoa kitambaa chekundu, akakifungua. Ganda la simu lilikuwa ndani, limepakwa majivu. "Kuna kipande kimoja ambacho hakuna aliyekihesabu. Cha kwanza kabisa, kilichotolewa sadaka kwa Bwana Guan. Kona yake iliganda, na kona hiyo iliyoganda ndiyo iliyomo kwenye hataza ya Tuoying. Nikisema kipande hicho ndicho hiki, na kwamba ninaye mtu wa kumtaja aliyekipeleka Tuoying, kuna atakayenipinga?"

Fei alimtazama Kuang. Kuang alikuwa anatazama ganda. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, akalifuta kwa adabu, kwa leso.

"Naweza kukiona?"

"Karibu, Mkuu."

Alikichukua kwa mikono miwili. Aliitazama kona, akapumua kwa nguvu. Kisha akakigeuza, akatazama ndani, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Mabega yakamshuka, kama mtu aliyekuta mlango haukufungwa.

"Mwenyekiti, tunachezewa," alisema, na sauti yake ya chini ilikuwa imepata uhai. "Hiki sicho. Hiki kimefyatuliwa jana au leo, kikapakwa majivu. Mpelelezi anataka kumwokoa binti huyu kwa kutuletea kitu cha bandia."

"Umejuaje sicho?" aliuliza Qiu.

"Cha Bwana Guan kina alama nyekundu ndani. Hiki kitupu, tazama mwenyewe."

Hakuna aliyetazama. Qiu aliinuka, akafungua mlango. Mai aliingia na shati lake jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Qiu akamwomba aseme alama nyekundu aliitia lini.

"Siku ya kufungua kalibu," alisema Mai. "Jioni. Wageni wote walikuwa wameshaondoka. Mkuu, wewe gari lako lilikuwa la kwanza, uliondoka na mguu wa nguruwe wa kumpelekea mama yako."

"Uliniambia," alisema Kuang. "Siku nyingine. Ulinieleza mwenyewe."

"Sijamwambia hata mke wangu."

"Basi niliiona kwa mbali, siku ya nadhiri."

"Alama iko ndani, Mkuu," alisema Qiu, "na kipande kilikuwa kimelala kifudifudi, majivu yanaonyesha. Asiyekiinua hawezi kuiona. Ulipokiinua, ulikirudisha?"

Kuang alikiweka kipande mezani, kwa mikono miwili bado. Alikaa. Alitazama vidole vyake vilivyojaa majivu.

"Kijana wangu alifaulu," alisema. "Nilifikiri ndiyo jibu. Nilifikiri Bwana Guan amenisamehe."

"Tuoying walikupa nini?" aliuliza Fei. Hakupandisha sauti.

"Waliniahidi jina. Kwenye hataza inayofuata, jina langu liandikwe." Aliinua uso. "Miaka yote hii anachora mwingine, mimi ndiye ninayejua itatokaje kwenye chuma. Sijawahi kuandikwa mahali."

 Mu aliinua kichwa mwisho wa meza, akasema polepole, si kwa hasira:

"Na mimi ulinileteaje chai?"

"Nilijua hawatakuta kitu mfukoni mwako," alisema Kuang. "Nilidhani watachoka, wakuache."

"Walichana bitana kwa wembe."

 Fei aliwaita askari wale wawili, wakaja na vikombe vyao mkononi, wakageukia mwisho wa meza alipokaa Mu, kama walivyoagizwa. Mwenyekiti akawaonyesha kwa kiganja upande wa kulia.

*

Baadaye, wakati Fei akipigiana simu na mawakili kuhusu namna ya kuidai hataza irudi nyumbani, Qiu alisimama na fundi Mai getini.

"Nimpe nini sasa?" aliuliza Mai. "Rafu ina pengo."

"Mpe hiki cha jana."

"Hiki cha baadaye. Bwana Guan hapewi cha baadaye, bibie, hata wewe huli mabaki ya mwanao."

"Niliyala kila siku."

Mai alicheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. "Nitangoja simu inayofuata. Na nitakihesabu. Nitamwomba radhi kwanza, halafu nitakihesabu."

Mu alitokea kwenye chumba cha kina mama. Mikono hakuikunja tena kifuani, uso umelainika, na mfuko wa tembo sasa ulikuwa na uzito. Mlinzi alimwona akaanza kugeuza uso, kisha akakumbuka amri iliyotolewa jana jioni ya kukagua kila kitu, akabaki katikati, shingo haijui iende wapi.

"Pita, mama," alisema. "Amri ilikuwa ya Mkuu Kuang. Na Mkuu Kuang ndiyo hivyo."

Mu alisimama mbele ya mashine. Qiu alidhani atapita moja kwa moja, kichwa juu, na angekuwa na haki. Badala yake aliuinua mfuko, akauweka mwenyewe juu ya mkanda.

"Mama, maziwa ya mtoto," alisema mlinzi.

"Hayaharibiki, kaka. Nimesoma. Yapitishe."

Mkanda ulianza kuvuma. Mfuko uliingia gizani. Fundi Mai aliinamia viatu vyake, na mlinzi, kwa mazoea ya siku zote, akageuza uso ukutani, mpaka mfuko utokee upande wa pili.

Qiu Manzhen hakugeuza. Kazi yake ilikuwa kutazama, na safari hii mwenye mfuko mwenyewe alitaka utazamwe. Kwenye kioo cha mashine zilipita chupa mbili, zimejaa mpaka shingoni, na mshono wa bitana, mstari mmoja ulionyooka, mfupi, safi.

"Chupa mbili," alisema kwa sauti, ili wote wasikie. "Basi."

Mu aliuchukua mfuko wake, akaenda nyumbani.